Pesa ya familia kutoka mshahara wa kwanza hadi mirathi: nini kifanywe lini

Mipango ya fedha mara nyingi huvunjika pale mtu anapovuka kutoka kipindi kimoja cha maisha kwenda kingine. Aliyezoea kutumia mshahara wake peke yake anaingia kwenye ndoa na bajeti ileile. Mzazi anafikiwa na ada za chuo akiwa bado analipa mkopo wa gari. Mstaafu anapokea kiinua mgongo na kukitumia kana kwamba ni mshahara mnono wa mwezi mmoja. Mwongozo huu unafuata mivuko hiyo kwa mpangilio, na umekaa zaidi pale pesa nyingi zinapopotea: kwenye mikopo na kwenye kustaafu.

Tarakimu za mifano hazina jina la fedha. Weka fedha unayotumia wewe, mahesabu hayabadiliki.

Kwanza, daftari la siku 30

Kabla ya kupanga chochote, andika kila kinachotoka mfukoni kwa siku 30. Safu tatu zinatosha: tarehe, kiasi, na kwa ajili ya nini. Andika siku hiyohiyo, kwa sababu ukisubiri wikendi utakumbuka kodi ya nyumba na kusahau matumizi madogo kumi na mawili ya katikati, na hayo ndiyo uliyokuwa unayatafuta.

Siku ya 31, gawa matumizi yote katika mafungu manne. La kwanza ni ya lazima yasiyobadilika, kama kodi, marejesho ya mkopo na bima. La pili ni ya lazima yanayopanda na kushuka: chakula, usafiri, umeme, maji. La tatu ni ya hiari. La nne ni yale yasiyokuja kila mwezi, na hili ndilo linaloua bajeti nyingi, kwa sababu halionekani mpaka limefika mlangoni.

Fungu la nne linatibiwa hivi. Orodhesha gharama zote za mwaka ambazo tarehe yake inajulikana. Tuseme bima ya gari ni 180,000 mara moja, ada ya shule 300,000 mara tatu, matengenezo ya nyumba 240,000, safari na zawadi 120,000. Jumla ni 1,440,000. Gawa kwa 12, unapata 120,000. Kiasi hicho kinatoka kila mwezi kwenda kwenye akaunti ya pekee, kama vile ni bili. Ukianza katikati ya mwaka, usigawe kwa 12 gharama iliyo karibu: ada ya 300,000 inayodaiwa baada ya miezi miwili inahitaji 150,000 kwa mwezi hadi ilipwe, halafu ndipo iingie kwenye mgao wa kawaida. Wengi huruka kipengele hiki, wanafika tarehe ya ada na nusu ya pesa, wanaona mpango hauna maana na kuuacha.

Mara moja kwa mwaka, andika pia karatasi ya mali na madeni. Mali iandikwe kwa bei ambayo ungeweza kuiuza wiki hii, si bei uliyoinunulia. Tofauti ya pande mbili ikikua mwaka hadi mwaka, unasonga mbele. Isipokua ilhali mshahara umepanda, kuna tundu mahali.

Mshahara wa kwanza

Kiwango cha maisha hujijenga katika miezi mitatu ya kwanza ya kazi, na kukishusha baadaye ni vigumu kuliko kukizuia kupanda. Kwa hiyo akiba itoke siku ya mshahara, kwa agizo la benki linalohamisha pesa lenyewe. Akiba inayosubiri kitakachobaki mwisho wa mwezi haikuti kitu. Anza na asilimia 10 ya kipato. Kila unapoongezwa mshahara, peleka nusu ya nyongeza kwenye akiba kabla hujazoea kuishi nayo.

Mpangilio tunaoushauri ni huu:

1. Kusanya akiba ya dharura ya mwezi mmoja wa gharama za lazima.
2. Kama mwajiri huongeza mchango wake kwenye mfuko wa pensheni kila unapochangia, changia angalau mpaka kiwango cha juu anachokiongezea. Hakuna uwekezaji mwingine unaokupa faida ya namna hiyo siku ileile.
3. Maliza madeni yenye riba kubwa.
4. Kamilisha akiba ya dharura hadi miezi mitatu, au sita kama kipato chako hakitabiriki au familia nzima inamtegemea mtu mmoja.
5. Baada ya hapo, anza akiba ya muda mrefu.

Akiba ya dharura hupimwa kwa gharama za lazima, si kwa mshahara. Mwenye gharama za lazima za 400,000 kwa mwezi anahitaji kati ya 1,200,000 na 2,400,000. Iwekwe kwenye akaunti tofauti na ya matumizi, inayoweza kufikiwa ndani ya siku moja au mbili. Isiwe kwenye amana ya muda maalumu yenye adhabu ya kuivunja. Isiwe kwenye hisa pia, maana mara nyingi kampuni zinapopunguza wafanyakazi ndipo na bei za hisa zimeshuka, nawe utalazimika kuuza kwa hasara. Na neno dharura lina masharti matatu yanayokwenda pamoja: jambo halikutarajiwa, ni la lazima, na haliwezi kusubiri. Ada ya shule si dharura. Simu mpya, hata ya zamani ikiwa imepasuka kioo, kwa kawaida si dharura.

Kwa nini kuharakisha akiba ya muda mrefu mapema? Chukua watu wawili wanaoweka 10,000 kila mwezi kwa faida ya asilimia 6 kwa mwaka, inayoongezwa kila mwezi. Wa kwanza anaweka kwa miaka 10, kisha anaacha kabisa kuchangia na kuziacha pesa zikae miaka mingine 20. Wa pili hafanyi chochote miaka 10 ya mwanzo, kisha anaweka kwa miaka 20 mfululizo. Mwishoni wa kwanza ana takriban 5,425,000, wa pili takriban 4,620,000. Wa pili ameweka mara mbili ya pesa na bado yuko nyuma. Aliyeunganisha yote na kuweka kwa miaka 30 ana kama 10,045,000.

Faida hiyo ipimwe dhidi ya mfumuko wa bei. Gawa 72 kwa asilimia ya mfumuko, utapata kwa makadirio miaka ambayo bei zitachukua kuongezeka maradufu. Kwa mfumuko wa asilimia 6 ni miaka 12. Akaunti inayolipa asilimia 3 wakati bei zinapanda kwa 6 inafaa kwa pesa ya dharura tu. Ukiiweka humo akiba ya uzeeni, utakuta tarakimu zimeongezeka na manunuzi yamepungua.

Kipato kisicho na tarehe

Mfanyabiashara mdogo, fundi, mkulima au mfanyakazi wa mikataba hafai kupanga kwa wastani. Achukue miezi 12 iliyopita na kutazama mitatu mibaya zaidi. Wastani wa hiyo mitatu ndio mshahara anaojilipa. Mapato yote yaingie akaunti ya kazi. Kila tarehe moja, kiasi hicho kitoke kwenda akaunti ya nyumbani. Kinachozidi hukaa akaunti ya kazi mpaka kitoshe kulipa mishahara yake ya miezi mitatu mbele. Kodi ya mapato ikatwe siku pesa inapoingia na iwekwe kando, kwa sababu pesa ya kodi iliyochanganyika na mtaji hutumika kama mtaji, na siku ya kuilipa hukopwa.

Mkopo: soma kabla ya kusaini

Asilimia ya riba iliyoandikwa kwenye tangazo haikuambii gharama ya mkopo. Cha kujua ni riba hiyo inakokotolewa juu ya nini.

Tuseme unakopa 1,000,000 kwa miezi 12 kwa "asilimia 12". Mkopeshaji wa kwanza anakokotoa riba juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, hata baada ya kurudisha nusu yake. Riba ni 120,000, na rejesho ni 93,333 kwa mwezi. Wa pili anakokotoa juu ya salio linalopungua, asilimia 1 kila mwezi ya deni lililobaki. Rejesho lake ni 88,849, na riba yote ni kama 66,190. Tangazo ni lilelile, gharama inakaribia kuwa mara mbili. Mkopo wa kwanza, ukipimwa kwa njia ya salio linalopungua, una riba ya karibu asilimia 21.5 kwa mwaka.

Mwulize mkopeshaji maswali haya, na majibu yawe kwenye maandishi: Nitapokea mkononi kiasi gani baada ya makato yote? Nitarudisha jumla ya kiasi gani? Riba inakokotolewa juu ya salio au juu ya mkopo wote? Nikilipa kabla ya muda, riba ya miezi iliyobaki inafutwa? Nikichelewa siku moja, adhabu ni nini, na inahesabiwa juu ya rejesho lililochelewa au juu ya deni zima? Swali la kwanza linafichua ada za kuchakata na bima ya mkopo, ambazo hukatwa juu kwa juu ilhali riba unalipa kwa kiasi chote. Mikopo ya haraka ya siku 30 yahitaji hesabu moja zaidi: ada ya asilimia 10 kwa mwezi ni asilimia 120 kwa mwaka, hata kabla ya kuhesabu riba juu ya riba kwa anayekopa upya kulipa wa zamani.

Marejesho yote kwa pamoja, ya nyumba yakiwemo, yasizidi theluthi moja ya kipato baada ya kodi. Juu ya hapo, gharama yoyote isiyotarajiwa inageuka mkopo mwingine.

Mwenye madeni mengi ayaorodheshe: salio, riba, rejesho la chini. Alipe rejesho la chini kwa yote, na kila ziada aipeleke kwenye deni moja tu lenye riba kubwa kuliko mengine. Likiisha, rejesho lake lote lihamie kwenye deni linalofuata kwa ukubwa wa riba. Wapo wanaoanza na deni dogo zaidi ili wapate moyo wa kuona moja limefutika. Kimahesabu njia hiyo ni ghali kidogo, lakini kama njia ya kwanza umewahi kuijaribu ukaishia njiani, tumia hii. Kosa la kawaida kwa njia zote mbili ni kulifunga deni na kuendelea kukopa palepale. Omba barua ya kumaliza deni na ufunge akaunti.

Wawili nyumba moja

Kabla ya kuunganisha maisha, kila mmoja aweke mezani karatasi yake ya mali na madeni, pamoja na orodha ya ndugu anaowasaidia na kiasi anachowapa. Siri ya deni ikijulikana baadaye huvunja imani kuliko deni lenyewe.

Mpangilio unaodumu kwa wengi ni akaunti tatu: yangu, yako, yetu. Gharama za nyumba na akiba ya pamoja hutoka kwenye yetu. Kila mmoja achangie kwa uwiano wa kipato chake. Mmoja akipata 600,000 na mwingine 400,000, na gharama za pamoja ni 700,000, wa kwanza atoe 420,000 na wa pili 280,000. Mgao wa nusu kwa nusu ungemtoza wa pili 350,000 na kumbakishia 50,000 tu, huku mwenzake akibaki na 250,000. Hapo ugomvi ni suala la muda. Mwenye kipato kidogo kwa sababu anabeba kazi nyingi za nyumbani na malezi, kazi hiyo nayo ni mchango. Pesa yake ya binafsi na michango yake ya pensheni visikatike.

Wekeni kikao cha fedha kila mwezi, dakika 45, siku chache kabla ya mshahara. Angalieni matumizi ya mwezi uliopita, gharama zinazokuja miezi miwili mbele, na kiwango ambacho hakuna anayekitumia bila kushauriana na mwenzake. Kikao kisifanyike usiku wa ugomvi. Na hata kama mmoja ndiye mhasibu wa nyumba, mwingine ashike usukani mwezi mmoja kila mwaka, ajue bili zinalipwa wapi na nywila ziko wapi.

Mtoto anapokuja

Jaribio zuri kuliko yote hufanywa kabla hajazaliwa. Kadirieni kipato kitakachobaki wakati wa likizo ya uzazi na gharama mpya za mtoto, kisha muishi kwa kiasi hicho kwa miezi mitatu. Tofauti yote iende akiba. Mkifaulu mna mfuko wa kuanzia. Mkishindwa mmejua mapema ni kipi kipunguzwe.

Sasa ndipo bima ya maisha inapokuwa na kazi, maana yupo anayekutegemea. Kiasi cha bima kikokotolewe hivi: madeni yote, jumlisha mahitaji ya familia kwa mwaka mara miaka iliyobaki hadi mtoto wa mwisho ajitegemee, jumlisha gharama za elimu, toa akiba iliyopo. Kwa mfano, madeni ni 2,000,000, mahitaji ni 1,200,000 kwa mwaka kwa miaka 12, yaani 14,400,000, elimu 3,000,000, akiba 4,000,000. Pengo ni 15,400,000. Bima ya kifo pekee, ya muda maalumu, huwa nafuu zaidi kwa kila kiasi cha fidia. Zile zilizochanganywa na akiba huonekana tamu kwa sababu "pesa yako inarudi", lakini ukiacha kulipa miaka ya mwanzo mara nyingi hurudishiwa sehemu ndogo ya ulichotoa. Uliza kwa maandishi: nikiacha mwaka wa tatu, narudishiwa kiasi gani?

Jaza fomu ya afya kwa ukweli. Ugonjwa uliofichwa ndio hutoa sababu ya kukataa fidia, wakati mwenye kujibu maswali hayupo.

Ada za baadaye zikadiriwe kwa bei za wakati huo. Kozi inayogharimu 100,000 leo, ikipanda asilimia 7 kwa mwaka, itafika karibu 197,000 baada ya miaka 10. Pesa hiyo inaweza kukaa kwenye hisa au mfuko wa uwekezaji wa pamoja wakati mtoto yuko mdogo. Ikibaki miaka mitano, anza kuihamisha kidogo kidogo kwenye hatifungani fupi (mkopo unaoipa serikali au kampuni, nayo inakulipa riba) au amana, kwa kuwa soko likianguka mwaka wa kuanza chuo, chuo hakitasubiri lipande.

Nyumba ya mkopo

Mkopo wa 10,000,000 kwa asilimia 12 ya salio linalopungua, miaka 20, una rejesho la takriban 110,110 kwa mwezi. Tazama mwezi wa kwanza kwa karibu: riba ni 100,000, na kinachopunguza deni ni 10,110 tu. Ndiyo maana mtu analipa miaka mitano na kuona salio halijasogea. Mkopo huohuo kwa miaka 15 una rejesho la 120,020. Nyongeza isiyofika 10,000 kwa mwezi inaondoa miaka mitano, na jumla ya malipo inashuka kutoka kama milioni 26.4 hadi milioni 21.6.

Huna haja ya kubadili mkataba ili kupata nafuu hiyo. Chukua wa miaka 20, kisha lipa ziada kila mwezi ukielekeza kwa maandishi kwamba ipunguze msingi wa mkopo, yaani deni lenyewe bila riba. Usipoelekeza, baadhi ya benki huitunza kama rejesho la mwezi ujao lililowahi, na riba haipungui. Hakikisha kwanza hakuna adhabu ya kulipa mapema.

Wakati wa kununua, ongeza juu ya bei ada za kisheria, uthamini, uhamishaji wa hati, na matengenezo. Kwa matengenezo, tenga kila mwaka asilimia 1 ya thamani ya nyumba.

Katikati: watoto chini, wazazi juu

Kati ya miaka 40 na 55 hivi wengi wanalipa ada huku wazazi wakihitaji matibabu. Msaada kwa ndugu uwe mstari kwenye bajeti, wenye kiasi, kama bili nyingine. Kikiisha mwezi huu, jibu ni "mwezi ujao", nalo husemeka kwa urahisi zaidi likiwa linatoka kwenye karatasi. Kama mko ndugu kadhaa, kaeni mapema mgawane gharama za wazazi kwa uwiano wa vipato, na mmoja aweke kumbukumbu. Kupanga mgao wodini ni kuchelewa.

Kumkopesha ndugu: toa kiasi ambacho kisiporudi hakitaathiri ada wala rejesho lako, kisha andikishana hata kwa ujumbe wa simu. Kumdhamini mtu ni jambo zito zaidi. Kwa mikataba mingi, mdhamini anadaiwa deni lote pamoja na riba na adhabu, na mkopeshaji humfuata aliye rahisi kukamatwa, yaani mwenye mshahara. Jiulize kama ungekubali kuuchukua mkopo huo kwa jina lako. Ukisaini, ndicho ulichofanya.

Miaka kumi kabla ya kustaafu

Omba taarifa ya michango yako kwenye mfuko wa pensheni na uikague mwezi kwa mwezi. Miezi isiyowasilishwa na mwajiri, jina lililokosewa herufi, tarehe ya kuzaliwa isiyolingana na kitambulisho: haya hurekebishika ukiwa kazini na mwajiri yupo. Ukisubiri siku ya kudai mafao, faili linakaa miezi.

Kisha piga hesabu ya pengo. Andika gharama za mwaka utakapokuwa umestaafu: toa usafiri wa kazini na ada, ongeza matibabu. Toa pensheni unayotarajia. Kinachobaki lazima kitoke kwenye akiba yako. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipima rekodi za masoko ya nchi yake tangu 1926, akakuta kwamba mstaafu aliyechukua asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, kisha akawa anapandisha kiasi hicho kwa kadiri ya mfumuko wa bei, angedumu nayo miaka 30. Hilo ni sawa na kuwa na akiba mara 25 ya pengo la mwaka. Pengo la 2,400,000 linahitaji 60,000,000. Kanuni hiyo imetokana na hisa na hatifungani za Marekani. Penye mfumuko mkali au masoko machanga, pangia asilimia 3, yaani mara 33.

Katika miaka hii usiingie mkopo unaovuka tarehe ya kustaafu. Na miaka miwili ya mwisho, ishi miezi sita kwa kiasi kilekile cha pensheni. Ni jaribio la wazazi wapya, limehamia upande wa pili wa maisha.

Mkupuo umeingia

Siku kiinua mgongo kinapoingia, kisitumike kwa miezi sita isipokuwa kwa kumaliza madeni. Kikae kwenye amana fupi. Katika miezi hiyo watakuja wenye biashara, wenye viwanja na ndugu. Biashara usiyowahi kuifanya usiifungue kwa fedha za kustaafu. Ukiipenda sana, ianze miaka mitatu kabla, kwa mtaji mdogo wa mshahara, uone inavyokula.

Ahadi ya faida kubwa ya uhakika ina historia ndefu. Mwaka 1920 Charles Ponzi, mjini Boston, aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, na aliwalipa wa mwanzo kwa pesa za waliofuata, mpaka waliofuata wakapungua. Muundo haujabadilika tangu hapo, hubadilishwa jina tu. Dalili zake: faida isiyoshuka hata soko likishuka, malipo ya kuleta watu wapya, haraka ya kuingia leo, na maelezo yasiyoeleweka ya pesa inazalishwa wapi. Kulipwa mara mbili za kwanza si uthibitisho. Ni chambo.

Akiba iliyobaki igawe kwa muda utakapoihitaji. Matumizi ya miaka miwili yakae benki. Ya mwaka wa tatu hadi wa saba yakae kwenye hatifungani. Ya baada ya hapo yanaweza kubaki kwenye hisa au mali nyingine inayokua. Mpangilio huu unazuia jambo moja mahususi: kuuza hisa soko likiwa chini ili ule. Akiba iliyoshuka asilimia 30 inahitaji kupanda karibu asilimia 43 kurudi ilipokuwa, na ikiwa wakati huohuo unaichota, huenda isirudi kamwe. Hatari hiyo ni kubwa miaka mitano ya mwanzo ya kustaafu kuliko kumi ya baadaye.

Faili moja

Nunua faili gumu la karatasi, liandike jina la familia. Ndani yake weka: nakala za vitambulisho na vyeti vya ndoa na kuzaliwa; orodha ya akaunti zote, jina la benki na tawi, bila nywila; hati za mali au mahali zilipo; mikataba ya mikopo na barua za kumaliza madeni; bima na namba zake; taarifa za pensheni; orodha ya unaowadai na wanaokudai, zenye tarehe; na nakala ya wosia. Nywila ziandikwe kwenye bahasha tofauti iliyofungwa, isiwe ndani ya wosia, kwa kuwa wosia utasomwa na wengi.

Wosia uandikwe ukiwa na afya, ushuhudiwe na watu wasiorithi, na utaje msimamizi wa mirathi na mbadala wake. Majina ya wanufaika kwenye bima na pensheni yakaguliwe kila baada ya ndoa, talaka, kuzaliwa au kifo. Mara nyingi mlipaji hufuata jina lililo kwenye fomu yake, na fomu ya miaka 20 iliyopita inaweza kumpa fedha mtu uliyekwisha kuachana naye. Andaa pia hati ya kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yako ukiugua, ukikumbuka kwamba mamlaka hayo hukoma unapofariki. Baada ya hapo kazi ni ya msimamizi wa mirathi.

Akaunti ya marehemu kwa kawaida husimamishwa mpaka msimamizi athibitishwe, na hilo huchukua miezi. Kwa hiyo kila mwenzi awe na akaunti kwa jina lake yenye gharama za nyumba za miezi mitatu.

Mara moja kwa mwaka, siku ileile mnayoandika karatasi ya mali na madeni, mpe faili mwenzi wako au mtoto mkubwa na umwambie: "Fanya kana kwamba mimi sipo, lipa bili za mwezi huu." Keti pembeni usimsaidie. Kila anapokwama, kuna karatasi inayokosekana. Iandike, itie ndani, na ubadilishe tarehe juu ya faili.